Matakia ya roshani yafungwe na mbele pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi ghorofani tunalichukulia kuwa kero ndogo tu ya nyumbani, nalo ni matakia ya viti vya roshani yanayopeperushwa na upepo. Mwezi uliopita takia langu moja liling'oka kitini, likavuka ukingo wa roshani ya ghorofa ya tano na kuangukia mlango wa jengo, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa ameinama akimfunga mwanawe kamba za viatu. Hakuna aliyeumia, lakini nilishuka kuomba radhi na kupanda tena ngazi nimelikumbatia takia lile kama mwizi anayerudisha mali ya watu.

Kilichonishangaza ni kwamba takia lenyewe lilikuwa limefungwa. Nilizikuta kamba zake mbili zingali zimening'inia kwenye mgongo wa kiti, mafundo hayajalegea hata kidogo, na kila kamba imebaki na kipande cha kitambaa kilichonyofoka kwenye mshono. Hapo ndipo nilipotambua kosa tunalouziwa: matakia mengi hushonewa kamba upande wa nyuma tu, ilhali upepo unaopenya kati ya vyuma vya ukingo huingia chini ya takia kwa upande wa mbele, ukaliinua kama kifuniko cha sanduku. Likishasimama wima, takia la sentimita 50 kwa 50 lenye uzito wa kilo moja hivi husukumwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa kwa nguvu isiyopungua uzito wa kilo moja na nusu, na upepo huo si dhoruba, bali ni ule unaoyumbisha miti midogo. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kamba mbili zitahimili vipi kutikiswa hivyo usiku kucha?

Dawa yake ni kuongeza kamba mbili kwenye pembe za mbele, zifungwe kwenye miguu ya kiti au kwenye mhimili wa chini. Ziwe fupi na zikazwe, kwa sababu kamba iliyolegea hulipa takia nafasi ya kuruka kabla ya kukatizwa ghafla, na mshtuko huo ndio unaochana mshono. Mwambieni fundi cherehani aweke kiraka cha kitambaa kigumu ndani, ashone mraba wenye msalaba katikati, na atumie uzi wa poliesta, kwani uzi wa pamba huoza upesi kwa jua na mvua. Kiti kisicho na pa kufungia, kama vile vya plastiki vya kipande kimoja, kizungushiwe mkanda unaopita juu ya takia na chini ya kiti.

Wapo wanaosifu velkro, ule utepe wenye vijindoano upande mmoja na manyoya upande wa pili, uliobuniwa na mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, baada ya kuona mbegu za magugu zilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Nami ninautumia, ila kama msaidizi tu, maana vijindoano vikijaa vumbi na nyuzi huachia bila taarifa. Mkeka wa mpira huzuia takia kuteleza, hauzuii kuinuka. Ama ushauri niliopewa na jirani mmoja, kwamba nitie mawe ndani ya foronya, naomba asiufuate mtu yeyote: takia tupu likianguka humshtua mpita njia, lenye mawe laweza kumuua.

Ninawaomba watengenezaji washone kamba nne tangu mwanzo; gharama yake ni utepe wa urefu wa mkono. Nasi wenye roshani tusiache matakia nje tunaposafiri, hata yakiwa yamefungwa vipi. Langu limerudi kitini likiwa na kamba nne, na kila ninapofunga mlango kwenda kazini huwa liko ndani, juu ya kabati la viatu.

Wako,
Msomaji wa ghorofa ya tano