Kabla ya roboti ya tezi dume, tupewe hesabu ya wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za umma na upasuaji wa tezi dume kwa roboti, yaani mashine yenye mikono inayoongozwa na daktari, jambo ambalo kila linapotajwa watu huuliza ni lini hospitali zetu za rufaa nazo zitakuwa na mashine hiyo. Siipingi. Hospitali ya umma ya Tygerberg, Cape Town, ilianza kuitumia mwaka 2022, na wagonjwa wa kule wasio na uwezo wa kwenda hospitali binafsi wanafaidika nayo. Ninachoomba ni kwamba, kabla Serikali haijatoa fedha, wananchi tuelezwe ni wagonjwa wangapi watakaopasuliwa kwa mashine hiyo kila mwaka.

Gharama ya roboti haiishii bandarini. Bei yake huzidi Dola milioni 1 za Marekani, matengenezo ya mwaka yanaweza kupita Dola 100,000, na vile vikoleo na mikasi midogo inayofungwa kwenye mikono yake vimewekewa kikomo na mtengenezaji: idadi ya operesheni ikitimia, mashine hukikataa kifaa hata kama bado kina makali, na sharti kinunuliwe kingine. Mkataba wa matengenezo hulipwa, wawe wamepasuliwa wagonjwa 200 au 20. Ndiyo maana huko Uingereza, ambako matibabu hugharimiwa kwa kodi, mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya huko, ulitaka roboti ziwekwe katika vituo vinavyotarajiwa kuondoa tezi dume zenye saratani kwa njia hiyo kwa wagonjwa wasiopungua 150 kwa mwaka. Pamoja na tahadhari hiyo, kati ya mwaka 2010 na 2017 vituo 16 kati ya 65 vya upasuaji huo vilifunga huduma, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na roboti. Wagonjwa walikuwa wameifuata mashine kwingine.

Faida zipo, ila zipimwe. Utafiti wa Brisbane, Australia, ambao matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 2016, uliwagawa wanaume 326 kwa bahati nasibu kati ya roboti na upasuaji wa kawaida. Wa roboti walipoteza damu kidogo na kutoka wodini mapema, lakini katika kuzuia mkojo na nguvu za kiume makundi hayo mawili hayakuachana baada ya wiki 12, wala baada ya miaka miwili.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Baba yangu alikaa miezi minne na mpira wa mkojo. Tezi yake ilikuwa imevimba tu, haikuwa na saratani, na dawa yake ilikuwa ile operesheni ya kupitisha kamera kwenye njia ya mkojo na kuikwangua tezi kwa waya mwembamba wa umeme. Daktari alikuwepo na kamera ilikuwepo. Waya ndio uliokwisha, na kila tuliporudi tuliambiwa umeagizwa. Mzee aliufunika mfuko wa mkojo ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, akaacha kwenda barazani, na msikitini akahamia safu ya nyuma karibu na mlango, yeye ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kukosa safu ya kwanza. Mara mbili mpira uliziba usiku, tukamkimbiza hospitali akiwa anatetemeka kwa maumivu.

Hospitali inayokosa waya huo kwa miezi minne itavipata wapi vikoleo vya roboti, ambavyo ni ghali zaidi na vina kikomo cha matumizi? Isitoshe, wanaume wetu wengi wenye saratani ya tezi dume hufika hospitali imekwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, na hapo kuiondoa tezi, kwa roboti au kwa mkono, huwa si tiba tena. Fedha za kuigundua saratani mapema, kwa kupima damu na kuchukua kipande kidogo cha tezi kikapimwe, ndizo zitakazoipatia mashine hiyo wagonjwa wa kuwapasua.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya itangaze, kwa kila hospitali ya kanda, ni operesheni ngapi za kuondoa tezi dume yenye saratani zilizofanyika mwaka jana, ni wangapi wanasubiri wakiwa na mpira, na vifaa vya ile kamera viliadimika kwa siku ngapi. Takwimu hizo ziwekwe mezani siku bajeti ya roboti itakapoombwa bungeni.

Msomaji wako,
Tanga