Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wanawake wa Usharika, Moshi, Mwaka 2025

Mama zangu na dada zangu katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Kazi zetu za kila mwaka zimekwenda vizuri. Tumewatembelea wagonjwa na wajane, na Ijumaa ya kwanza ya Machi tuliungana na wenzetu wa madhehebu mengine katika Maombi ya Dunia ya akina mama, ibada iliyoandaliwa safari hii na wanawake wa Visiwa vya Cook kutoka Zaburi ya 139. Taarifa ya fedha ataisoma mhazini. Mimi naomba muda wangu niutumie kwenye mafungo, zile siku zetu mbili za Neno na mapumziko mbali na nyumbani, maana ndiyo yaliyozua maneno mengi, na ndiyo yaliyotujenga zaidi.

Nianze na tarehe. Tulizoea kufanya mafungo wakati wa Kwaresima, na tulipoyahamishia Juni wapo mama zetu waliosikitika. Hoja yao ina uzito: Kwaresima kanisa zima liko katika toba. Lakini Machi ndipo masika yanapoanza, na mama mwenye shamba la mahindi kule tambarare hawezi kuacha kupanda. Kwa hiyo waliokuwa wakifika ni wale wale wenye mishahara. Juni palizi imekwisha, shule zinafungwa, mtoto mkubwa anaweza kukata majani ya ng'ombe na kumwangalia mdogo wake. Safari hii wauza ndizi wa Mbuyuni walikuja, na mama wa vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, pia. Kwangu hilo limemaliza mjadala.

Tulikwenda Machame, kule ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Juni kuna baridi kali huko juu, na waliobeba shuka jepesi walijuta. Ijumaa jioni, kabla simu hazijawekwa kwenye kikapu, kila mmoja aliruhusiwa kupiga nyumbani. Kibaraza kizima kilijaa maagizo: unga uko kwenye ndoo ya bluu, kuku wafungiwe mapema, dawa ya bibi ni baada ya chakula. Kisha kikapu kikafungiwa ofisini, na baadhi yetu hatukujua mikono tuiweke wapi.

Jumamosi tulifundishwa Luka 10, habari za Martha na Mariamu. Mwenzetu mmoja alisinzia chini ya mparachichi somo lilipoanza tu. Mmoja wetu alinyanyuka kwenda kumwamsha, mwalimu akamwashiria amwache, akaendelea kufundisha kwa sauti ya chini. Tulimfunika kanga. Aliamka wakati mtori unapakuliwa. Jioni kwenye ushuhuda alitueleza, naye ameniruhusu niliseme hapa, kwamba anamuuguza mama mkwe wake na usiku halali. Kisha akaomba tumwombee mkwe, yeye mwenyewe hakujitaja. Yesu aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, imeandikwa Marko 6. Dada yetu yule alilitii neno hilo kabla halijasomwa.

Ndiyo maana siungi mkono pendekezo la kuingiza semina ya ujasiriamali, marejesho ya VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na harambee ndani ya mafungo. Ni mambo mema na siku zake tunazo. Mama anayehesabu fedha mwaka mzima tumpe siku mbili asiulizwe amechangia ngapi.

Linaloniuma ni wale waliobaki. Wenye watoto wachanga hawakuweza kuja. Wengine wana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, siku moja bila biashara ni deni linalokua. Wengine waume zao walikataa, nao waliniambia kwa kunong'ona pale mlangoni baada ya ibada. Kamati imeona mambo mawili. Kwanza, tuwe na mafungo ya siku moja hapa hapa usharikani, watoto wakilelewa kwa zamu na vijana wa kwaya. Pili, wazee wa kanisa wazungumze na waume mapema, nyumbani kwao, wala si kwa tangazo la madhabahuni.

Naomba mkutano huu upige kura juu ya hayo mawili leo. Walio tayari kulea watoto siku hiyo, au walio na magodoro ya kuazima, wajiandikishe kwa katibu kabla hatujaenda kwenye chai.