Mshubiri wako hauna kiu, umezidiwa maji

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimelibeba moyoni tangu masika, kila nikipita vibarazani hapa mtaani kwetu Tabata naona watu wanafanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Nina mshubiri, hii aloevera ya kawaida, nilipewa na shangazi yangu ukiwa mdogo kama kiganja. Kwetu shubiri sio pambo tu, ndo kitu cha kwanza kukimbiliwa mtu akiungua na mafuta jikoni, na ndo mama alijipaka siku anamwachisha ziwa mdogo wetu wa mwisho. Kwahiyo nauthamini sana.

Mwezi wa nne mvua zimekolea nikaona majani yamesinyaa, yale ya chini yameanza unjano. Nikajua kiu, nikaongeza maji. Dada anayetusaidia nyumbani naye akaona hivyo hivyo akaongeza, watoto wakitoka shule wanamimina yaliyobaki kwenye chupa zao, wote kwa huruma tu. Baada ya wiki mbili nikagusa jani la chini likabaki mkononi, laini, linaangaza kama limechemshwa, na udongo unatoa harufu ya kitu kilichovunda.

Sasa hapa ndo naomba wasomaji wanielewe vizuri. Mizizi nayo inahitaji hewa, na hewa inakaa kwenye vinafasi vya udongo, ukijaza maji muda wote vile vinafasi vinajaa maji, mizizi inakosa pumzi inaanza kufa, halafu vimelea vya kuozesha vinavyopenda majimaji vinamalizia. Mizizi ikishaoza haiwezi tena kuvuta maji, kwahiyo majani yanasinyaa kama ya mmea wenye kiu wakati umesimama kwenye tope! Ndo unapoongeza maji na ndo unapoumaliza. Ukiona jani limesinyaa na udongo umelowa, weka kopo chini. Mshubiri una akiba yake ya maji kwenye majani, na unafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku badala ya mchana wa jua, ndo maana unatumia maji kidogo sana.

Wangu niliung'oa siku hiyo hiyo. Nikakung'uta udongo wote nikautupa, mizizi mizima ni migumu ina rangi ya maziwa au njano hafifu, iliyooza ni ya kahawia au nyeusi na ukiivuta inavuka kama ganda. Nikafuta kisu kwa spiriti nikakata yote mibovu, na kwenye shina nikaendelea kukata kidogo kidogo mpaka pale ndani pasipo na doa la kahawia hata moja, usione huruma hapo maana ukiacha kidogo tu uozo utarudi. Kila mkato nafuta kisu tena. Halafu nikauacha juu ya gazeti kivulini penye upepo siku tano, bila udongo bila maji, mpaka kidonda kikakauka kikafunga. Mama watoto alidhani nimekata tamaa nao.

Nikaupanda kwenye chungu cha udongo chenye tundu chini, nusu mchanga mnene wa kujengea (sio wa ufukweni, ule una chumvi) na nusu udongo wa kawaida uliochanganywa na chenga za mkaa. Wiki nzima sikutia maji. Wale ambao mizizi imeisha kabisa wasitupe, shina zima likikauka vizuri linatoa mizizi upya, na vile vitoto vinavyoota pembeni ukivitenga vinashika haraka. Ila jani la mshubiri peke yake usilitegemee, mara nyingi linaoza tu.

Ombi langu kubwa ni kwa ndugu zetu wanaouza maua kando ya barabara. Aliyeniuzia poti ya kwanza, nzuri ya kung'aa, haikuwa na tundu hata moja, akaniambia niweke kokoto chini na nimwagilie asubuhi na jioni. Kokoto haisaidii kama maji hayana pa kutokea, yanabaki palepale na udongo wa juu yake unaendelea kulowa. Tafadhalini toboeni poti kabla hamjauza, na mteja akichukua mshubiri mwambieni maneno mawili tu kuhusu udongo, asubiri ukauke. Wengi tunawaamini nyie.

Na kukauka kwenyewe msihesabu kwa siku, joto la mwezi wa kwanza na unyevunyevu wa masika hapa Dar ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi nachomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na udongo umenata nasubiri, kikitoka kikavu namwagilia mpaka maji yatoke chini na nayamwaga yale ya kwenye kisahani.

Leo una majani mapya manne na vitoto viwili. Kimoja nimempelekea jirani yangu na nimemwambia kabisa, mama usikitie maji mpaka Jumapili ijayo.

Mpenda mimea,
Tabata, Dar es Salaam