Barua ya wazi kwa mjomba wangu kuhusu Ruth Chepngetich

Mjomba, shikamoo.

Nimeisikiliza ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia, unaposema kwamba wazungu wamechoka kuona Wakenya wakishinda na sasa wameamua kutuchafulia jina kwa kumsingizia mkimbiaji wetu wa marathoni, Ruth Chepngetich, kwamba alitumia dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Nakujibu hadharani kwa sababu maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi, tena watu ninaowaheshimu. Na nakujibu kwa uchungu, maana mapenzi ya mbio za marathoni nimeyapata kwako.

Unaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 13 Oktoba 2024. Kwetu ilikuwa jioni, saa kumi na moja ikielekea saa kumi na mbili, Ruth alipokata utepe wa marathoni kule Chicago, Marekani, kwa saa 2:09:56. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi ya dunia ya wanawake, ya Mwethiopia Tigst Assefa, ilikuwa 2:11:53, na Ruth aliipunguza kwa karibu dakika mbili nzima. Akasema rekodi hiyo anamtolea marehemu Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzetu aliyeweka ya wanaume kwenye barabara zile zile mwaka mmoja kabla. Ulilia siku hiyo, mjomba. Sisi sote tulilia.

Hapo hapo Chicago mwandishi mmoja wa Marekani alimuuliza Ruth awajibu vipi watu wanaoona muda ule ni mzuri kupita kiasi. Tulikasirika nchi nzima. Hata bungeni waheshimiwa walisimama wakamtetea, wakasema ni chuki na dharau kwa Wakenya.

Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Machi 2025, wapimaji walichukua mkojo wake. Ndani yake kulikuwa na hydrochlorothiazide, ile dawa ya presha inayomfanya mtu akojoe sana. Mgonjwa wa presha anaihitaji. Kwa mwanariadha imepigwa marufuku, kwa sababu inaufanya mkojo kuwa mwepesi na dawa nyingine kuwa ngumu kuonekana. Kiwango kinachotosha maabara kutoa taarifa ni nanogramu 20 kwa mililita. Wake ulikuwa na 3,800. Hiyo si dalili ya chakula kilichochanganyika na kitu.

Mwezi Aprili wachunguzi wa Kitengo cha Uadilifu cha riadha walimuuliza dawa hiyo ilitoka wapi. Hakuwa na maelezo. Ilipofika mwisho wa Julai akaja na maelezo: alikuwa mgonjwa siku mbili kabla ya kupimwa, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, kisha akasahau kuwaambia. Akatuma na picha ya pakiti, jina la dawa limeandikwa wazi juu yake. Mwezi Oktoba alikubali kosa na akafungiwa miaka mitatu.

Mimi hadithi ya mfanyakazi wa nyumbani siiamini, mjomba. Bingwa wa dunia wa Doha 2019, mshindi wa Chicago mara tatu, mtu aliyepimwa miaka nenda rudi, anajua kwamba hata dawa ya mafua huulizi jirani, unamuuliza daktari wa timu. Wachunguzi nao walisema wanaendelea kuchunguza waliyoyakuta kwenye simu yake. Kinachonichoma zaidi ni mzigo wenyewe kutwikwa nani. Kati ya watu wote waliomzunguka, makocha, mawakala, waliokula naye fedha, aliyetajwa duniani ni mwanamke anayefua na kupika, asiye na wakili wala kipaza sauti. Wewe mwenyewe mama yako alifanya kazi kwenye nyumba za watu. Hebu fikiri angetajwa yeye.

Na si mara ya kwanza. Unamkumbuka Jemima Sumgong, mwanamke wetu wa kwanza kuleta dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Februari iliyofuata akakutwa na EPO, ile homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alijitetea kwamba alilazwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mimba imetunga nje ya kizazi, akaongezewa damu. Akaleta na karatasi. Hospitali ikasema hakuwa mgonjwa wao. Kwa kosa la awali alifungiwa miaka minne, kwa kuvuruga uchunguzi ikawa minane. Wanawake wanakufa kwa mimba ya aina hiyo, mjomba, nchini hapa, kila mwaka, kwa kukosa damu. Msiba wao ukageuzwa kisingizio.

Unasema wizi huu hauna aliyeibiwa, kwamba wote wanatumia. Basi nikwambie habari ya Buzunesh Deba. Ni Mwethiopia aliyekuwa akiishi Bronx, New York. Kwenye marathoni ya Boston 2014 alimaliza wa pili kwa 2:19:59, nyuma ya Rita Jeptoo wetu. Miezi michache baadaye Jeptoo akapatikana na EPO. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimwongezea adhabu kutoka miaka miwili hadi minne mwaka 2016, tena ikaeleza jinsi alivyozungusha uchunguzi, na ushindi wa Boston ukaondolewa. Deba akawa bingwa kwenye karatasi. Fedha hakupata. Waandaaji walisema wanasubiri Jeptoo arudishe. Hadi 2024, miaka kumi kamili, alikuwa bado anadai, ameshazaa na mbio zimemwacha, ndipo shabiki mmoja Mmarekani aliyesoma habari yake akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Fedha zinaweza kulipwa. Kukata utepe mbele ya watu wa Boston hakulipiki. Huyo ndiye aliyeibiwa, na aliyemwibia ni mtu wetu, na hatukumwandikia Deba hata neno moja la pole.

Hoja yako kwamba umaskini ndio unaowasukuma vijana kutumia dawa naielewa, kwa sehemu. Yuko kijana Iten, mji wa kambi za wakimbiaji, anayelala wanne chumba kimoja, amekopa viatu, anaambiwa na mtu wa duka la dawa kwamba sindano moja itamtoa. Huyo namhurumia, na ningependa sheria imshughulikie muuzaji kabla yake. Lakini ushindi wa Chicago pekee ni dola 100,000, bila kuhesabu zawadi ya rekodi. Ruth wa 2025 hakuwa na njaa.

Sasa kuhusu rekodi. Kwa kanuni bado ni yake, kwa kuwa iliwekwa kabla ya sampuli ya Machi, na sina ushahidi wa kusema kwamba siku ile ya Chicago alikuwa na kitu mwilini. Hapo ndipo penye maumivu yangu, kwamba sijui, na sitajua. Nikiitazama video ile siku hizi nahesabu kilomita zake tano za kwanza, dakika 15 kamili, nami nashindwa kushangilia.

Wanaolipa ni wasafi. Sabastian Sawe, mkimbiaji wetu wa marathoni, kabla ya kukimbia Berlin Septemba 2025, aliomba mwenyewe apimwe zaidi ya kawaida, na kampuni ya viatu inayomdhamini ikagharamia dola 50,000. Alichukuliwa sampuli mara 25 katika miezi miwili, damu na mkojo. Kijana anaamshwa alfajiri kuchomwa sindano ili dunia ikubali kwamba miguu ni yake. Alikwenda akashinda kwa 2:02:16 kwenye joto, mbele ya wote. Ukitaka Mkenya wa kumtetea kwenye lile kundi, mtetee huyo. Sijaona ukituma habari yake hata mara moja.

Nina ombi moja. Binti yako anakimbia mita 1,500 shuleni na picha ya Ruth iko ukutani kwake. Ameniuliza kama ni kweli walimsingizia, kwa sababu amesikia kwako. Mwambie yaliyotokea, kwa tarehe zake, Machi, Aprili, Julai, Oktoba. Picha akitaka aiache, akitaka aitoe, ni yake. Ila asije akafika kambini siku moja, mtu akamnyooshea kidonge, akiwa anaamini kwamba wanaokamatwa wote wameonewa.

Desemba nikija tutakaa tuzungumze. Ukiona kuna mahali nimemwonea Ruth, nionyeshe, nitasikiliza.

Mpwa wako.