Kuinuka kitini nako ni zoezi

Mhariri,

Wazee huambiwa watembee tu, ilhali kinachowashinda wengi ni kuinuka kitini. Chukua kiti kigumu cha kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani. Sofa laini haifai kabisa. Kaa ukingoni, rudisha nyayo nyuma ya magoti kidogo, inama mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha simama ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye faida: hesabu hadi 4, ukisikiliza uzito unavyogawanyika miguuni. Wengi hujibwaga, na misuli ya mapaja haipati kazi. Magoti yakielekea kugusana, yatanue. Fanya mara 8, pumzika dakika 1, rudia. Ukihisi kizunguzungu, keti.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Tanga