Vita vya Burundi vilianza lini?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Burundi niliisoma yote na nikaipenda, isipokuwa sentensi yake ya kwanza: kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Oktoba 1993 na kwisha 2005. Nimefundisha historia hapa Kasulu hadi nikastaafu, na sentensi hiyo hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi. Naomba nafasi niisahihishe, yenu na yangu.

Mwisho wa vita nitaupitia haraka. Mwaka 2005 Pierre Nkurunziza aliapishwa kuwa Rais, lakini FNL, kundi la waasi wa Kihutu, walikuwa bado msituni. Walikuja kutia saini ya kusitisha mapigano Dar es Salaam Septemba 2006, na hata Aprili 2008 makombora yalikuwa yakiangukia Bujumbura. Huku kwetu kambi ya wakimbizi wa Kirundi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012.

Mwanzo ndio wenye kazi. Dukani ninapopata chai ya asubuhi huwa tunakaa na fundi baiskeli mmoja, mzee aliyevuka mpaka 1972 akiwa mtoto mgongoni mwa shangazi yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliondoka asubuhi kwenda kazini kwa baiskeli, akaitwa katikati ya kipindi, hakurudi. Baada ya siku chache wakaiona baiskeli ile barabarani, anaiendesha mtu mwingine. Mzee anapoizungumzia huitaja mpaka kengele yake.

Ukimuuliza vita vilianza lini, atakutajia mwaka huo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia kusini, kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero, Mtutsi, ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, ikianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huuita msiba ule *ikiza*, na kwa miaka mingi ulizungumzwa kwa kunong'ona.

Benchi hilo hilo hukaa mama anayeuza mawese. Yeye ni Mtutsi, marehemu mumewe alikuwa Mhutu, na walipokimbia waliishi kambi ya Mkugwa, Kibondo, walikowekwa wengi wa ndoa za namna hiyo. Kwake vita ni tarehe 21 Oktoba 1993, siku wanajeshi wa Kitutsi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyekuwa amechaguliwa kwa kura Juni mwaka huo huo. Wiki hiyo majirani walimuua mdogo wake kilimani kwao. Pale Kibimba makumi ya wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto wakiwa hai ndani ya kituo cha mafuta. Kisha jeshi likapanda vilimani kuua Wahutu, na hapo nchi ikawaka kwa zaidi ya miaka kumi. Tarehe 30 Aprili 1997 vijana 40 wa seminari ya Buta waliuawa na waasi wa Kihutu baada ya kukataa kujitenga, Wahutu huku na Watutsi kule. Septemba 2002 wanajeshi waliua raia zaidi ya 170 huko Itaba.

Wawili hawa wamekunywa chai pamoja miaka mingi. Sisi Waha tunasikilizana na Warundi bila mkalimani, kwa hiyo kila mmoja alinisimulia kwa wakati wake, mwenzake akiwa hayupo. Mwaka juzi redio ya dukani ikataja Oktoba 21. Mama akasema, "Ndiyo siku nchi ilipokufa." Mzee akajibu bila kuinua macho kwenye tairi alilokuwa akiziba: "Mama, wakati huo sisi tulishaizika." Tukanyamaza. Mwenye duka akapunguza sauti ya redio. Baada ya muda mama akamuuliza, "Baba yako aliitwa nani?"

Swali dogo, nalo lilichukua miaka yote hiyo.

Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, wa tarehe 28 Agosti 2000, ule ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mandela, unasema historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Nia ilikuwa njema, lakini hapo nadhani wazee wetu waliomba lisilowezekana. Hiyo "namna moja" ataichagua nani? Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilipoanza kazi, kilichosikika zaidi ni makaburi ya 1972. Mapema 2020 ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yaliyofukuliwa Karusi, karibu na mto Ruvubu. Ni kazi ya haki, na mzee wangu aliisubiri maisha yake yote. Ila mama wa mawese aliisikiliza taarifa ile, akauliza wa kwao watafukuliwa lini. Sikuwa na jibu.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Gazeti lenu linasomwa Kasulu, Kibondo, na kwenye makazi ya waliokimbia Burundi 1972 ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na nasikia hata Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kila tarehe 29 Aprili na kila tarehe 21 Oktoba tengeni ukurasa mmoja wenye simulizi mbili kando kwa kando, ya aliyepoteza mtu 1972 na ya aliyepoteza mtu 1993, bila mhariri kuamua ipi ndiyo mwanzo wa vita. Wasimuliaji wasitajwe majina wasipotaka. Lakini waliokufa watajwe, familia zikiridhia. Waliokuwa watu wazima 1972 sasa wamebaki wachache sana, na wajukuu wao waliozaliwa Tanzania na kupewa uraia wa hapa hawajui hata jina la kilima walikotoka babu zao.

Mimi nimeanza na simu yangu. Mzee amekubali kurekodiwa kwa sharti kwamba baiskeli isiachwe nje ya simulizi. Mama bado anafikiria. Ameniambia nisubiri mavuno ya mahindi yapite.

Mwalimu mstaafu,
Kasulu, Kigoma