Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msafara wa Shimoni na Njia Zake

Wazee wetu, mama zangu, ndugu na vijana wa chama, salamu kwenu nyote.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na mabadiliko ya kamati mnayajua. Mimi nitakaa zaidi kwenye safari ya kambi, maana ndiyo iliyotufurahisha na ndiyo iliyotuchosha, na ile ijayo twaanza kuipanga leo.

Wapo waliouliza kwa nini watu wa Malindi, wenye hifadhi ya bahari mlangoni tangu 1968, wafunge mizigo hadi Shimoni, pwani ya kusini. Swali la haki. Watoto wetu waliingia hifadhi ya bahari ya Kisite wakaona pomboo, wakavuka hadi kisiwa cha Wasini, wakatembea juu ya njia ya mbao ya kina mama wa kijiji, matumbawe makavu huku, mikoko kule. Mtoto aliyezoea ufuo wa kwao anastahili kujua kwamba bahari hii ina sura nyingine kusini. Kwangu hilo latosha, na naomba turudi.

Tabu ilikuwa barabara. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na Shimoni iko mbele zaidi, njia ya Lunga Lunga. Kwa gari moja si mbali. Msafara una mambo yake. Matatu ya kukodi ina kidhibiti mwendo, haivuki kilomita 80 kwa saa, na gari dogo lililo nyuma yake halina subira hiyo. Tukiambizana tufuatane, dereva wa mwisho hukimbiza taa asizoziona tena, akapita lori kwenye kona ili asiachwe. Ndani ya gari hilo mna watoto wa watu.

Kwa hivyo kamati imeamua: hatufuatani tena kama siafu. Tutaondoka kwa mafungu madogo, na tutakutana vituoni, si barabarani. Kituo cha kwanza ni Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Fungu la mbele halitoki hapo mpaka la nyuma lifike na kuhesabiwa. Dereva akichelewa asikimbie, atangojwa.

Baada ya Mnarani njia zagawanyika. Ya kwanza ni ya Mtwapa, daraja la Nyali, kisha feri ya Likoni. Kwa kilomita ndiyo fupi. Lakini kuna msongamano wa Mtwapa, na feri ikijaa imejaa. Mnakumbuka yaliyotupata: gari la majiko likaingia, mnyororo ukafungwa, gari la mitungi ya gesi likabaki upande wa kisiwa cha Mombasa. Kina mama waliokuwa Likoni walikuwa na sufuria, mchele, na hawana moto.

Ya pili ni kukata kulia Mavueni, kupanda Kaloleni hadi Mariakani, kushuka barabara kuu ya Nairobi mpaka upande wa Miritini, halafu kushika barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake hadi Kibundani. Ni ndefu, ina vilima na kona, na kuanzia Mariakani mtakuwa na malori ya bandarini ubavuni. Hata hivyo hakuna feri, na msafara haukatwi katikati. Mimi naiunga mkono kwa magari yote yenye mizigo kwenye keria na kwa wenye watoto wachanga. Madafu ya Kaloleni nayo si haba. Mwenye gari dogo na shughuli kisiwani apite Likoni, mradi amjulishe katibu. Tutakutana Ukunda, kisha sote tushuke Msambweni na Ramisi.

Kuhusu wakati, tutasafiri msimu wa kaskazi, si kusi, maana huko nje kusi likivuma mashua huchezeshwa na watoto hutapika. Tutaondoka baada ya sala ya alfajiri, tufike jua lingali juu. Kusimamisha mahema gizani, vigingi havionekani na watoto wana njaa, sitaki tena. Baharini tutaingia kesho yake asubuhi, kabla upepo haujapanda, kwa saa ambayo nahodha atatupa kulingana na maji, hasa ikiwa ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Kiingilio cha hifadhi ya Kisite hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakuna pesa taslimu langoni. Katibu atalipa tungali Malindi. Kila mtu mzima abebe kitambulisho.

Madereva naomba mbaki baada ya mkutano, tukague spea na jeki za kila gari na kugawana mizigo. Safari hii kila jiko litapanda gari moja na mtungi wake.